Simu Iliyosafisha Mwito wa Baba

Siipendi simu yangu. Nasema hivyo huku nimeishika, kwa sababu bila hiyo siuzi kitu sokoni, lakini siipendi, na kila ikitetemeka mfukoni nasikia kinyaa, kama mtu aliyekanyaga kitu kibichi njiani akiwa na viatu vya kanisani. Watu huniambia, mama, simu ni chuma na kioo tu, unaichukiaje? Wapi! Chuma na kioo haviamui ni sauti ya nani ibaki na ya nani itupwe.

Mimi ni Mlugbara wa upande wa Inde, kusini ya Arua. Niliolewa Koboko na Mkakwa ambaye baba yake na babu yake walikuwa askari, na lugha ya nyumba yetu ni Kiswahili, kile kile cha kambini. Nauza vitenge sokoni. Nimezoea kelele: pikipiki, mbuzi, mwadhini, redio ya jirani yangu anayeuza viatu. Sijawahi kumwomba mtu aniondolee kelele yoyote duniani.

Kwetu kila mwanamume ana mwito wake. Tunauita cere. Si wimbo na si jina. Ni sauti ndefu, nyembamba, ambayo mtu huitoa kooni anaporudi nyumbani, hasa kama amefurahi au amekunywa kidogo, na ukiisikia kutoka ng'ambo ya bonde unajua ni nani kabla hujamwona. Kuita mwito wa mwenzako ni tusi. Watu wameshikana mashati kwa jambo hilo. Mara moja tu mtu mwingine anaruhusiwa kuuita, siku mwenyewe anapokufa. Mtoto wake wa kiume, yule anayebaki na nyumba, hutoka mlangoni na kuuita kwa nguvu, mara moja, ili majirani wajue nani ameondoka na nani amesimama mahali pake. Kabla ya hapo wanawake hawalii. Wanasubiri. Siku hizi wengi wameyaacha haya, sijui kwa wengine, lakini kwa baba yangu hayakuachwa.

Mwito wa baba ulianza juu kama wa wanaume wengine, ukashuka taratibu, na pale ulipodhani umekwisha ulikatika kidogo, kama mtu aliyejikwaa, halafu ukapanda tena mara mbili. Mwanzo ule ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Kule kujikwaa na zile mara mbili za kupanda, huyo ndiye alikuwa yeye mwenyewe. Mama aliusikiliza kama wengine wanavyosikiliza habari za redio. Kutokana na ule mwisho tu alijua kama mumewe atakula au atapitiliza kitandani, na kama maji ya kuoga yawekwe motoni au yaachwe.

Ndugu yangu, mtoto wa kwanza wa kiume, aliondoka kwenda Kampala kutengeneza magari akiwa bado hajaota ndevu vizuri. Alirudi Krismasi, na Krismasi baba haendi popote, anakaa nyumbani anapokea wageni. Mtu ambaye hajatoka hana sababu ya kuita akirudi. Kwa hiyo miaka ilikwenda, na yule ambaye siku moja angepaswa kuuita mwito huo ndiye aliyeusikia kidogo kuliko sisi sote.

Nilimrekodi baba kwa siri. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kumsaidia mama kuvuna karanga, na alasiri moja tulikuwa jikoni tunapika. Baba alikuwa sokoni Inde na rafiki yake, mzee jirani aliyekuwa naye jeshini ujanani, mtu ambaye hata mbuzi wake anawasemesha Kiswahili. Nikasikia kikohozi cha yule mzee njiani. Nikajua wakifika kwenye kichuguu, pale njia inapokata, baba ataita. Sikuweza kumwomba aite kwa ajili ya simu. Utamwambiaje mtu mzima, hebu ita tukusikie? Aite akirudi kutoka wapi? Nikafungua kinasa sauti, nikaiweka simu dirishani. Mama alikuwa anatafuta chumvi. Baba akauita mwito wote, mpaka mwisho, na mbwa akabweka, na upepo ukapita kwenye majani ya migomba, na yote yakaingia.

Niliporudi Koboko nilifurahi kama mwizi. Nilijiambia, sasa hata ikiwaje, iko.

Miezi michache baadaye baba akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda pembeni, na sauti iliyobaki ilikuwa ya kuomba maji tu. Hakuita tena. Hapo mtu mwenye akili angemtumia ndugu yake ile rekodi Kampala. Kubonyeza mara tatu, basi. Sikutuma. Nilishika simu siku nyingi nikitaka kutuma, nikaiweka chini. Kumpa mrithi mwito wa baba wakati baba bado anameza uji ni kumpima kaburi huku anakutazama. Mtu wa mbali atanicheka. Lakini muulize mwanamke yeyote wa kwetu kama yeye angebonyeza. Hata kusikiliza peke yangu niliogopa, nikaona ni kama kumwita aende. Nikaiacha rekodi ikae, na kwa kuwa ilikuwa imekaa, na mimi nikaacha kuukumbuka ule mwito. Niliikabidhi simu kazi ya masikio yangu mwenyewe. Ujinga huo nitaubeba mpaka na mimi nizikwe.

Toleo jipya la programu ya simu lilikuja siku ya soko, Koboko. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu, mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, anataka kitenge cha ndege wa bluu na hataki kingine chochote. Simu ikalia. Kioo kikajaa maneno. Nimeiweka kwa Kiswahili, na Kiswahili chake ni kile cha mtu aliyevaa tai. "Tumekuletea mambo mapya!" Sauti Safi, kwa mazungumzo yasiyo na usumbufu. Kamera inayolainisha uso. Alama mpya za kucheka na kulia. Halafu chini, kwa herufi ndogo, marekebisho: betri, nafasi ya kuhifadhi, hitilafu nyinginezo. Nilikuwa na mkasi mkono wa kulia. Nikabonyeza Kubali kwa kidole gumba cha kushoto, bila kusoma, kama unavyomfukuza nzi.

Na nisidanganye: mwanzoni niliipenda. Wateja wangu hutuma oda kwa sauti, na wengine hutuma wakiwa juu ya bodaboda, zamani ulikuwa unasikia injini kuliko mtu. Sasa sauti ilikuja kavu, safi, kama mtu yuko ndani ya sikio lako. Meta sita, mama, ile nyekundu. Nilimsifia mume wangu simu jioni nzima. Akaniambia, "Basi isafishe na wewe kidogo, wewe iko kelele mingi sana." Tukacheka wote wawili. Nakumbuka nilivyocheka, na naona haya.

Kitu cha kwanza kilichonichefua ni kamera. Nilikwenda nyumbani kumwona baba, nikampiga mama picha, na simu ikamfuta mikunjo yote ya uso, ikampaka kitu kama poda. Mama akaitazama picha kwa muda. "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni wewe. Akanirudishia simu kwa vidole viwili, kama unavyorudisha kikombe kichafu, akaendelea kupepeta karanga. Hapo ningepaswa kuelewa ninashika mnyama gani. Sikuelewa.

Baba alipozidiwa, mama alimtuma jirani anipigie. Nilipanda gari asubuhi hiyo hiyo mpaka Arua, na kutoka Arua nikachukua bodaboda. Ndugu yangu alifika kwa basi la Kampala siku iliyofuata, macho mekundu, shati lina alama za grisi. Akaingia ndani akakaa na baba peke yake. Huo ndio wakati ambao mzee humwachia mtoto maneno, lakini baba hakuwa na maneno. Alimshika mkono tu. Kabla ya saa sita mchana akakata roho.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Alipoambiwa, alichukua pindo la kitenge chake akalitia mdomoni, akaliuma. Wanawake wengine wakakaa naye kimya. Wazee walikuwa wamesimama uani, kofia mkononi, wakitazama mlango. Kila mtu alikuwa anamsubiri ndugu yangu.

Naye akanifuata nyuma ya ghala. "Dada," akasema, "mwanzo ninao. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nauita kichwani. Mwisho wake sina."

"Ninao mimi," nikamwambia.

Nilisema kwa maringo. Baba yangu amelala ndani hata hajapoa, na mimi naringa. Nikatoa simu, nikaitafuta rekodi, nikamsogezea sikioni. Sauti ya mama ikatoka, safi kabisa, utadhani amesimama kati yetu: "Chumvi iko wapi?" Halafu yangu: "Ngoja, mama. Baba anakuja."

Halafu hakuna kitu.

Hata ule mkwaruzo wa rekodi za zamani haukuwepo. Hakuna mbwa, hakuna upepo, hakuna migomba. Kilikuwa kimya kilichofuliwa kikapigwa pasi. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nikarudia. Chumvi iko wapi. Ngoja, mama, baba anakuja. Ndugu yangu akaichukua akaigandamiza sikioni, akafumba macho, akanirudishia. Ndipo nikaona maneno chini ya kioo, madogo, ya kijivu: "Rekodi hii imesafishwa. Kelele za nyuma zimeondolewa. Nakala ya awali imefutwa ili kuokoa nafasi."

Kelele za nyuma! Baba yangu! Mwanamume aliyejulikana kwa sauti hiyo mabonde matatu, aliyewafanya mbwa wainuke na maji yapelekwe motoni, amewekwa fungu moja na upepo. Na chumvi ikabaki. Sauti yangu ya hovyo, ya mwanamke anayenyatia dirishani, hiyo wakaitunza, wakaing'arisha. Kweli nilitema mate pale pale nyuma ya ghala, ptuu, na si mate ya dharau tu, nilikuwa nataka kutapika.

Nikamkimbilia rafiki yake baba. Huyu alikuwa ametembea na mwito huo miaka yote, kutoka jeshini mpaka sokoni Inde, anaujua kuliko jina lake. Nikapiga magoti. "Baba, tusaidie. Mwitie kijana, asikie mwisho tu."

Alinitazama kwa huruma, lakini alitikisa kichwa. "Binti yangu, ya mutu mwingine mimi hapana ita. Mimi si mtoto yake. Nikiita, hapa nani amekufa? Nani amebaki?"

"Kidogo tu, polepole."

"Hii hapana iko na polepole," akasema, na machozi yakamtoka.

Sikumlaumu. Nilirudi nyuma ya ghala, nikajaribu mwenyewe. Mimi ni mwanamke, haunihusu, lakini nani aliyekuwa ananitazama? Nikamnong'onezea ndugu yangu sikioni. Nilishuka vizuri. Nikafika pale pa kujikwaa, na pale nikapotea. Alivuta pumzi kabla ya kupanda, au alipanda kwa pumzi ile ile? Mara ya pili ilikuwa juu zaidi ya kwanza, au sawa? Nimelala na kuamka na mwito huo tangu nilipozaliwa, na koo langu likatoa kitu kama paka. Nilijichukia kuliko simu.

Ndugu yangu akaniwekea mkono begani. "Basi, dada. Mama anasubiri."

Akatoka mbele ya mlango. Akaita. Alianza juu, kwa nguvu, na nywele za mikono yangu zikasimama, maana mwanzo ule ulikuwa baba kabisa. Akashuka. Akafika pale, akajikwaa, lakini alijikwaa kama mtu anayejikwaa kweli. Akakaa kimya muda mrefu mno, akapanda mara moja, na ya pili ikaishia kwenye kikohozi.

Uani hapakusogea mtu. Yule mzee akatazama miguu yake, akasema kwa sauti ya chini, "Hii hapana yake." Hakusema kwa ubaya. Lakini tulisikia wote, na ndugu yangu alisikia.

Nikamtazama mama. Hakulia. Alikuwa amelitoa lile pindo mdomoni, ameinua shingo, anatazama njia kule kwenye kichuguu. Alikuwa bado anasubiri ule mwisho, kama jioni zote alizousubiri ili ajue aweke maji au aache. Wanawake wakamtazama yeye, hawakujua walie au wangoje. Ilibidi shangazi yetu amguse bega na kumwambia sikioni kwamba imekwisha. Ndipo akaanza kulia, na wengine wakafuata. Nimehudhuria misiba mingi, sijawahi kuona mjane akiambiwa alie.

Baada ya matanga nilipitia Arua kwa fundi wa simu. Mwanamume wa makamo, tumbo mbele, miwani ya kuchungulia vyuma. Nilimwomba anirudishie rekodi. Akaisikiliza, akaangalia huku na huku, akatabasamu. "Mama, hii hapana haribika. Iko safi! Simu iko na akili, ilitoa kelele tu. Wewe unataka kelele ya nini?"

Nikamwambia kelele ile ilikuwa baba yangu. Akaacha kutabasamu, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Alijaribu, namshukuru, alikaa nayo mpaka alasiri akiiunganisha na kompyuta yake. Hakupata kitu. Ndugu yangu alirudi Kampala na tangu hapo hapendi kupigiwa simu. Mimi naye tukiongea tunaongea habari za mvua.

Wiki iliyopita mama alikuwa kwangu Koboko, amekuja kupumzika. Tumekaa sebuleni, mlango wazi, mimi nakunja vitenge. Simu ikatetemeka. Toleo jipya. "Tumekuletea mambo mapya!" Safari hii nilisoma kila neno, mpaka yale ya kijivu. Katikati ya marekebisho, kati ya betri na saa ya kengele, paliandikwa hivi: "Tumerekebisha hitilafu ndogo iliyosababisha baadhi ya sauti za mbali kuhesabiwa kama kelele. Rekodi ambazo zimeshasafishwa hazitabadilika."

Hitilafu ndogo. Nilisoma kwa sauti, na ulimi wangu ukahisi uchafu. Hawakusema samahani hata kwa uongo. Wamempanga baba yangu pale, mstari mmoja, baada ya betri.

"Wanasema nini?" mama akauliza.

"Wanasema ilikuwa hitilafu ndogo, mama."

"Wanamrudisha?"

"Hawamrudishi."

Halafu akanyoosha mkono. "Hebu nisikie hicho kilichobaki." Hakuwahi kukisikia, siku ile nilificha, na baadaye nikaona aibu kumwambia kwamba nilimnyatia mumewe kwa simu. Sasa sikuwa na cha kuficha. Nikaibonyeza, nikaiweka mezani kati yetu.

"Chumvi iko wapi?" sauti yake ikauliza, na mama akacheka kidogo, akafunika mdomo. Alijisikia yuko jikoni kwake.

"Ngoja, mama," sauti yangu ikasema. "Baba anakuja."

Mama akaacha kucheka. Akageuza uso taratibu akatazama mlango uliokuwa wazi, na mimi, ambaye najua kilichomo kwenye rekodi hiyo kuliko mtu yeyote, nikageuka nikatazama naye, mpaka kioo kikazima.